Barua kwa Rukia: kijenzi cha Malindi kikivuka bahari

Chake Chake, Pemba

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na mama anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma yote. Unasema kile kijenzi, yaani kipande cha programu, cha kuhesabu magunia ya karafuu ulicholiandikia ghala la Malindi, huko Unguja, kimetulia, na sasa unataka maghala ya Wete na Mkoani yakitumie kwa mtandao, bila kukigusa. Nimefurahi, maana kuandika kitu kilekile kila mara ni kupoteza umri. Ila hapo pa "bila kukigusa" moyo wangu umesita.

Kijenzi hubeba dhana za pale kilipoundwa, na dhana hizo huzioni kwenye jina lake. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 ilivunjika angani haijatimiza dakika moja tangu iruke. Sehemu ya programu yake ilitoka Ariane 4, ambako haikuwa na tatizo. Roketi mpya ikaenda na kasi ya mlalo kubwa zaidi, namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na kompyuta ya uelekezi ikazima. Ile ya akiba ilikuwa imeshatangulia kuzima, kwa kuwa programu ilikuwa ileile. Hilo la akiba hunisikitisha kila nikilikumbuka.

Chako kiliundwa ndani ya kompyuta moja. Humo, kipande kimoja kikiita kingine kifanye kazi, kinajibiwa, au programu nzima inakufa pamoja. Kwenye mtandao nusu inaweza kufa na nusu ikabaki hai. Wete wanaomba magunia 10 yatolewe, Malindi inayatoa, jibu linapotea njiani. Wete watajuaje kama ombi halikufika au jibu ndilo halikurudi? Wakirudia, hesabu imepungua 20. Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems walionya mwaka 1994 kwamba wito wa mbali, unaokwenda kompyuta nyingine, usichukuliwe kuwa sawa na wa karibu, wa ndani ya kompyuta ileile.

Kwa hivyo nakuomba, kila ombi lipewe namba yake hukohuko Wete kabla halijatumwa, na likirudiwa liende na namba ileile. Malindi iihifadhi namba hiyo, jibu na hesabu kwa mpigo mmoja, yaani vyote pamoja au kisihifadhiwe hata kimoja. Ikiiona tena, irudishe jibu la awali bila kupunguza kitu. Muda wa kusubiri tutauzungumza ukija.

Ukimaliza nitumie. Nitakijaribu hapa kwa kukata mtandao ombi likiwa njiani, kisha tulinganishe hesabu za pande zote mbili.

Nisalimie wote hapo Mkunazini.

Shoga yako,
Zuleikha