Mzee mwenye kifua kibovu naye apimwe kabla ya kuambiwa hawezi operesheni

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni.

Baba yangu mkubwa kalima tumbaku Urambo maisha yake yote na kuivuta pia. Mwaka jana ugali ukaanza kumkwama kifuani, akawa anasukumia na maji, baadae hata maji yenyewe yakawa hayapiti vizuri. Zahanati tukapewa dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi, jamani mtu anakonda mnamuona! Mpaka tunafika kwenye kipimo cha kamera ikaonekana ni kansa ya koo la chakula, na daktari akasema mzee ana miaka 71 na kifua kibovu, operesheni hataiweza. Basi, hata kipimo cha pumzi hakupulizishwa.

Mie sio daktari ila nimesoma na kuuliza. Operesheni ya kawaida wanafungua kifua katikati ya mbavu, pafu moja linatolewa hewa linywee ili walifikie koo, wanatoa sehemu yenye ugonjwa halafu mfuko wa tumbo unavutwa juu kuziba pengo. Mtu akizinduka kidonda kinauma, hawezi kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu, makohozi yanalala huko ndani na nimonia inaingia, ndo maana wanawaogopa wavutaji. Kuna na operesheni nyingine ya matundu madogo, hiyo wanapitisha kamera na vyuma vyembamba, kazi ya ndani ni ileile ila mbavu hazitanuliwi. Kuna utafiti ulifanyika Uholanzi, Hispania na Italia ukatoka 2012: kati ya wagonjwa 56 waliofunguliwa kifua, 16 walipata maambukizi ya mapafu ndani ya wiki mbili za mwanzo, wa matundu walikuwa 59 na waliopata ni 5 tu.

Kweli walichukua watu wasiozidi miaka 75 na wenye nguvu zao kiasi, kwa hiyo sisemi baba mkubwa angepona, na kansa ikishasambaa kukata hakusaidii. Lakini si ndo vitu vya kupima hivyo? Apimwe pumzi, apimwe moyo, aachishwe sigara, afundishwe mazoezi ya kupumua, alishwe hata kwa mpira apate mwili, halafu aandikiwe rufaa kwa wanaoijua hiyo kazi waseme wao inawezekana au la. Umri peke yake sio jibu.

Na huku Tabora ambako wazee wetu wengi wamevuta tangu ujana, mtu mzima akisema chakula kinakwama apelekwe kwenye kamera wiki hiyohiyo, sio dawa za vidonda.

Baba mkubwa kawekewa stenti, yaani kibomba cha kuachanisha koo lililoziba, sasa anameza uji na samaki wa kupondwa. Ananiuliza mpaka leo, mwanangu, mbona hawakunipima?

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora