Kaka anataka taili, ukuta umeliwa na mchwa

Shangazi, shikamoo.

Na mimi ni shangazi wa watu, tena mtoto wa kaka yangu anaolewa Disemba hii, ila kwa hili nimekwama. Naomba unisaidie, na kama kati ya wasomaji wako wamo waashi wa zamani, nao waseme.

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga. Marehemu baba aliijenga mwaka 1959, akiwa kibarua bandarini enzi za mkonge. Ni nyumba ya Kiswahili kama unazozijua: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Kuta zake ni miti na udongo wa kukandika. Mwaka 1984 baba alipata kiinua mgongo chake akazipiga lipu ya saruji ndani na nje, hata mgeni akipita anadhani ni ya tofali. Sasa tunakaa mama, mimi na wanangu wawili. Bati zimekuwa rangi ya chai kwa hewa ya bahari, na swichi ya chumba cha kati haiguswi mpaka uvae ndala.

Miaka mitatu iliyopita nilijitutumua. Nilitoa hela ya kikoba nikanunua ndoo mbili za rangi ya plastiki, lita 20 kila moja, nikamleta kijana akapaka nyumba nzima. Idi ile tulipendeza, majirani wakaja kuuliza rangi inaitwaje. Yakapita masika ya kwanza tu, ukuta ukaota malengelenge kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Ukilibonyeza lengelenge linapasuka, linamwaga kitu cheupe kama sembe. Nikaonja, ni chumvi. Nikakwangua, nikapaka tena, yakarudi. Mpaka leo nyuma ya kochi pana ramani ya Afrika, Madagaska na yote.

Sasa kaka. Yuko Dar es Salaam, ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho. Harusi amesema itatokea hapa hapa, nyumbani kwa bibi, na nyumba lazima ing'ae. Ametoa milioni 5. Mimi nina milioni 2 na laki 4. Mdogo wetu aliyeko Maskati ameahidi milioni moja, nasema ameahidi. Kaka ameshanitumia picha kwenye simu, kama kumi hivi: taili nyeupe ukumbi mzima na vyumba viwili vya mbele, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, ukuta wa skimu laini kama yai. Mlango mkubwa wa mvule ung'olewe uwekwe wa alumini. Baraza nalo livunjwe zitoke fremu mbili za duka, zilete kodi.

Bi mkubwa alipoonyeshwa zile picha aliuliza kitu kimoja tu: "Na mimi nitakaa wapi jioni?" Halafu akarudi kuchambua mchele.

Sikukataa, Shangazi. Hata mimi nyumba inanichosha. Nikamwita fundi aje apime ukumbi kwa ajili ya taili. Kabla hajatoa futi yake akapiga ukuta kwa kisigino cha mkono, pale nyuma ya kochi. Ukalia kama debe tupu. Akasogea hatua moja, akapiga tena, hivyo hivyo. Akachukua msumari wa nchi nne akausukuma kwa kidole gumba, bila nyundo, ukazama wote. Tukatazamana. Akaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa na kipande cha lipu kama sinia ya pilau kikabanduka kikaanguka. Ndani hamkuwa na ukuta. Vumbi, vichuguu vya mchwa, na pale ulipokuwa mti pamebaki tundu lenye umbo la mti. Kilichokuwa kimesimama ni lile ganda la saruji la mwaka 1984, na juu yake ndoo zangu mbili za rangi.

Fundi akasema, mama, mimi taili nitakuwekea, kazi ni kazi, lakini usije ukanitafuta.

Nikamfuata mzee mmoja, mwashi aliyezaliwa Pangani, ambaye ujanani alifanya kazi Mji Mkongwe, Unguja, kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe. Alikuja na bakora yake, akagonga kuta zote, akanieleza kwa utaratibu. Maji ya ardhini yanapanda ukutani na chumvi yake. Zamani yalikuwa yanatokea hewani kupitia udongo na chokaa, ukuta unakauka. Saruji ikafunga njia, nami nikafunga tena kwa rangi ya plastiki, maji yakabaki humo humo na mchwa wakapata makazi ya maji baridi. Dawa yake ni kubandua lipu yote ya saruji kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Miti iliyoliwa ikatwe, paa liegemezwe kwa milunda, kisha chini ijengwe tofali kipande kwa kipande, mita moja moja, na juu ya tofali itandazwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Halafu lipu ya chokaa na mchanga, moja kwa tatu, chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa, ipigwe nyembamba nyembamba na kila mkono ukauke. Juu yake ni chokaa ya kupaka tu, si rangi ya ndoo.

Ila nina wasiwasi. Nyumba za Unguja ni za mawe, yangu ni ya miti. Na fundi kijana anacheka, anasema hapa Tanga saruji inatengenezwa Pongwe, mlangoni kwetu, chokaa ya nini? Kwamba ukuta wa chini nitaunyoosha kwa saruji kali mbili kwa moja, biashara imekwisha. Nani kati yao ana haki? Aliyewahi kufanya kwenye nyumba ya kukandika aniambie.

Hesabu nimeipiga usiku na mchana. Bati 66 za geji 28 kwa 38,000 ni 2,508,000, bado misumari, papi za kubadilisha na ufundi. Ukuta kwa njia ya mzee unafika milioni 2 na nusu. Nyaya za umeme laki 9. Hapo vuli itatukuta tuko salama, na kinachobaki hakitoshi hata taili za chumba kimoja. Sakafu ingebaki ile nyekundu ya zamani, ambayo tulikua tukiisugua kwa kumbi la nazi kila Ijumaa mpaka unajiona uso. Mimi naona ikisafishwa na kupigwa nta itapendeza kuliko taili, na kuta nyeupe za chokaa na mikeka ya ukindu, na mlango wa mvule ukikwanguliwa ile rangi ya kijani. Tena mlango huo kuna mtu ameshakuja mara mbili anataka kuununua kwa laki 4, jambo linalonifanya nihisi una thamani kuliko tunavyodhani. Lakini najua atakachosema kaka: wakwe zake wa Dar es Salaam watakuja kukaa kwenye sakafu nyekundu?

Nyumba si yangu peke yangu, ni mirathi. Pesa nyingi ni ya kwake. Nikimwambia ukweli ataona nimemkatalia mwanawe harusi. Mara ya mwisho nilipobishana naye, habari ya shamba la Muheza, hatukusemeshana miezi minane. Nikinyamaza, taili zitang'aa Disemba na ukuta utatuangukia masika, labda juu ya mama, maana kitanda chake kilikuwa kimeegemea upande ule ule. Hilo nalo sijamwambia. Nimemhamishia kitanda chumba cha pili kwa kisingizio cha joto.

Kwa hiyo nauliza: nianzie wapi, kwa pesa hii na miezi minne? Na kaka nimwendee mwenyewe, au nimtume mzee wa ukoo? Anakuja Tanga mwisho wa mwezi kulipa mafundi. Lile tundu nimelifunika kwa khanga nikasogeza kochi, na kila asubuhi bi mkubwa ananiuliza kwa nini ukuta umevaa.

Shangazi wa bibi harusi,
Ngamiani, Tanga