Kuthamini nyumba upya si kupandisha kodi

Mhariri,

Nilifanya kazi ya uthamini wa majengo mpaka nikastaafu. Kila nikisoma barua kwamba kuthamini nyumba upya ni ujanja wa kupandisha kodi, mkono huniwasha. Leo naandika.

Kodi ya majengo ni vitu viwili vinavyozidishwa: thamani aliyoandika mthamini na kiwango kinachopangwa na baraza. Thamani za nyumba zote zikipanda mara mbili na baraza likataka fedha zilezile, kiwango kinashuka nusu na kila mtu analipa kama zamani. Thamani zikapanda, kiwango kikabaki palepale, hilo ni la baraza. Mbaneni diwani, mwacheni kijana wa watu na futi kamba yake.

Kinachoumiza ni daftari la uthamini lililozeeka. England hadi leo hutoza kodi ya nyumba kwa bei za Aprili 1, 1991. Hata nyumba iliyokamilika juzi hukadiriwa ingeuzwa kiasi gani siku hiyo! Mitaa ambayo bei zake zimepaa tangu hapo inabebwa na ile iliyodorora. California nako, tangu 1978, thamani ya kutozea kodi haiongezeki zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe au ijengwe upya. Majirani wenye nyumba pacha, mmoja analipa mara kadhaa ya mwenzake, kosa lake kununua mwishoni. Wanaoogopa kuthaminiwa wanaomba hayohayo bila kujua.

Sisemi wathamini hawakosei. Mara nyingi hatuingii ndani: tunapima kuta kwa nje, tunaangalia paa, umri na vifaa vya ujenzi, kisha tunalinganisha na nyumba zilizouzwa karibu. Banda lililobomolewa zamani linaweza kubaki kwenye karatasi yako miaka na miaka. Kwa hiyo ukipata notisi, omba karatasi ya vipimo vya nyumba yako na uikague mstari kwa mstari kabla siku za pingamizi hazijaisha. Nenda na bei za nyumba tatu zinazofanana na yako, na picha za nyufa kama zipo. Ukifika ukasema tu "kodi ni kubwa", utasikilizwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani. Na kama shida ni kukosa fedha, hiyo si rufaa ya thamani. Omba msamaha wa kodi au kulipa kwa awamu, pale sheria inaporuhusu.

Mthamini mstaafu