Wito wa Harambee: Miaka Mitano ya Kupima Planktoni Katika Ghuba ya Mikindani

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule yetu, wavuvi wa Mikindani na wana-Mtwara mlio mbali,

Mwezi uliopita wanafunzi wetu walishona wavu kwa kitambaa cha pazia, wakafunga chupa ya plastiki mwishoni mwake, wakaukokota nyuma ya ngalawa kwa dakika kumi. Tone moja la maji ya chupa ile lilipowekwa kwenye hadubini yetu, ambayo lenzi yake moja imeota ukungu, alionekana mdudu mfano wa kamba wa baharini, mwenye vipapasio viwili virefu na utumbo unaoonekana wazi. Mtoto wa mvuvi aliuliza kama hicho ndicho wanachokula dagaa. Ndicho.

Planktoni ni viumbe wanaoelea na kuchukuliwa na mkondo. Wale wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua hufanya karibu nusu ya kazi yote ya namna hiyo duniani. Wengine huwala hao, kisha nao huliwa na samaki. Kusi inapovuma hukoroga bahari na kupandisha rutuba, lakini maji ya juu yakizidi joto hutanda kama mafuta juu ya mchuzi, na rutuba hubaki chini. Badiliko hilo huwagusa planktoni kabla mvuvi hajarudi na ndoo tupu.

Chombo alichobuni Mwingereza Alister Hardy kimekuwa kikikokotwa na meli za biashara tangu 1931, kikinasa planktoni kwenye utepe wa hariri. Kwa kuwa njia ya kupima haikubadilishwa ovyo, wataalamu waliweza kuonyesha kwamba kopepodi wa maji ya uvuguvugu, ndugu wa yule mdudu wetu, walisogea kuelekea kaskazini katika Atlantiki kwa nyuzi 10 za latitudo katika miaka 40 hivi. Kipimo cha siku moja kisingeonyesha hayo.

Ndiyo maana, katika shilingi 5,400,000 tunazoomba, 3,000,000 ni za kukodi ngalawa mara mbili kwa mwezi, kusi na kaskazi, kwa miaka mitano. Tunajua mfadhili hupenda kitu cha kubandikwa jina lake, na safari ya ngalawa haibandikwi jina; hata hivyo, bila safari hizo vifaa vitakaa kabatini. Zinazobaki zitanunua hadubini mbili, kipimajoto, na nyavu zenye matundu ya moja ya tano ya milimita. Sahani ya kupimia uangavu wa maji hatuiombi, kwani tumeikata kwenye mfuniko wa ndoo.

Harambee itafanyika uwanjani kwetu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Anayesubiri malipo ya korosho aandike ahadi. Matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa shule, na vipimo vya kila safari vitabandikwa dikoni, wavuvi wanaposhushia samaki.

Kamati ya Harambee,
Mikindani, Mtwara