Barua kwa Mjomba wa Ujiji kuhusu mbio za 1919

Shikamoo Mjomba,

Nimesikia vijana wa hapo karakana walikucheka uliposema hakuna mchezo mgumu kuliko mbio za baiskeli. Nakuandikia hadharani ili nao wasome, maana ulisema kweli. Ushahidi wangu ni Tour de France ya mwaka 1919, mbio za kuizunguka Ufaransa.

Mkataba wa Versailles, ule wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulitiwa saini tarehe 28 Juni. Kesho yake, wino haujakauka, waendeshaji 67 waliondoka Paris. Mabingwa watatu wa zamani, Petit-Breton, Faber na Lapize, hawakuwepo. Vita vilikuwa vimewachukua. Barabara za kaskazini zilikuwa zimechimbuliwa na mizinga, matairi ni ya kutafuta kwa tochi, na viwanda vya baiskeli vikalazimika kuungana chini ya jina moja, La Sportive, vikawavalisha watu wao fulana za kijivu. Halafu fikiria kipande kimoja cha njia, kutoka Les Sables-d'Olonne hadi Bayonne: kilomita 482 kwa mkupuo mmoja! Reli ya Kigoma hadi Tabora haifiki huko.

Kwa kuwa wengi walifanana, kule Grenoble tarehe 19 Julai kiongozi akavishwa fulana ya njano ili watu wamtambue. Ndiyo ile fulana inayogombewa hadi leo, na wa kwanza kuivaa ni Eugène Christophe.

Huyu Christophe wewe ungempenda, Mjomba, maana alikuwa fundi. Mwaka 1913 vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele vilimkatikia mlimani Tourmalet. Kanuni ilimkataza kusaidiwa. Akabeba baiskeli zaidi ya kilomita 10 hadi kwa mhunzi, akachomelea mwenyewe, na bado waamuzi wakamwadhibu kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvukuta. Sasa 1919, akiwa na fulana ya njano, vikiwa vimebaki vipande viwili tu vya njia kumaliza, njiani kutoka Metz kwenda Dunkerque, vyuma vilevile vikakatika tena. Akatengeneza tena kwa mikono yake huku wenzake wakimpita. Ushindi ukaenda kwa Firmin Lambot, Mbelgiji. Christophe akawa wa tatu, na Wafaransa wakamchangia fedha kwa uchungu. Kati ya wale 67, waliobaki kwenye orodha ya mwisho ni 10.

Nimetaja kwamba Lambot ni Mbelgiji, na hapo ndipo moyo wangu unapowaka. Siku hizo bendera iliyopepea Kigoma ilikuwa ya Ubelgiji. Majeshi yake kutoka Kongo yaliingia hapo Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli ya Götzen, hii tunayoiita Liemba. Tabora ikaangukia mikononi mwao tarehe 19 Septemba. Kigoma hawakuiachia hadi 1921. Na mizigo ya vita ile, risasi, unga, mahema, ilibebwa vichwani na watu wetu, wapagazi maelfu kwa maelfu, upande wa Wajerumani na upande wa wapinzani wao. Njaa, kuhara na homa viliwamaliza wengi kuliko risasi.

Mwaka ule wa 1919 Wafaransa waliandaa hata mbio nyingine za baiskeli zilizopita katikati ya viwanja vya vita, na udongo bado una makombora. Siwalaumu. Walikuwa na haki ya kuwakumbuka watu wao kwa mchezo walioupenda. Ninachodai ni kwamba wapagazi nao wanastahili, na miaka mia na zaidi imepita.

Basi ombi langu ni hili. Tuandae mbio za baiskeli kutoka Kigoma hadi Tabora, kwa siku kadhaa, zifike Tabora tarehe 19 Septemba. Wasiwe wa baiskeli za bei mbaya peke yao. Wale wanaopandisha madumu ya mawese kila siku wana miguu ya kutosha. Wewe wazee wanakusikiliza, anza nao, halafu hao vijana waliokucheka waandike majina yao wa kwanza.

Sharti langu ni moja: atakayekatikiwa na chuma njiani asaidiwe, na asiongezewe hata dakika moja ya adhabu.

Mpwa wako