"Too" si "sana": ombi kwa walimu wenzangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa Kiingereza wa Nyanda za Juu Kusini. Katika madaftari mengi ya kidato cha kwanza ninayosahihisha nakuta pameandikwa: "too = sana". Tafsiri hiyo inawaponza watoto wetu mpaka kidato cha nne, na wengine inawafuata hadi kazini.

"Very" hutaja ukubwa wa jambo, basi. "Too" inatoa hukumu: jambo limepita kipimo, na kwa sababu hiyo kuna kilichoshindikana. Wanafunzi wetu, watoto wa wakulima wa viazi, wanaijua tofauti hii tangu shambani. Gunia lililojaa hadi mdomoni limejaa sana. Lumbesa, yaani gunia lililorundikwa kupita mdomo wake, imepita kipimo, na Wakala wa Vipimo haiikubali.

Kwa hiyo "the tea is very hot" ni habari ya chai tu, lakini "the tea is too hot" imekwishasema hainyweki, hata kabla hujaongeza "to drink". Kiswahili chetu kina "mno", ila neno hilo lina sura mbili: "nakupenda mno" si lalamiko. Mtoto hulihamisha lilivyo, akaandika "my mother is too beautiful" akiamini anamsifu mama yake.

Kwenye mtihani hasara huonekana katika sentensi za "too ... to". Wengi huandika "the bag is too heavy for me to carry it". Ile "it" imetoka kwenye "kuubeba", na Kiingereza hakiitaki hapo. Nje ya darasa hasara ni chungu zaidi. Kijana wa Iringa akiomba kazi katika hoteli za watalii wa Ruaha kwa kuandika "I am too experienced", amejikataa mwenyewe. Anayesoma ataelewa kwamba uzoefu wake umeizidi kazi ile.

Tuifute "too = sana" ubaoni. Tuandike "mno hata...", mwanafunzi amalizie mwenyewe: mno hata haubebeki, mno hata hainyweki. Akikosa cha kumalizia, atumie "very". Na ile "too" ya mwisho wa sentensi, yenye maana ya "pia", tuipe kipindi chake. Nimeona zote mbili zikifundishwa siku moja, watoto wakatoka hawana hata moja.

Mwalimu wa sekondari,
Uyole, Mbeya