Dada, uji wa watoto sitaulipia peke yangu

Würzburg, Ujerumani
Jumapili jioni

Shikamoo Mama. Na wewe Dada, pokea salamu nyingi pamoja na watoto wote wa hapo nyumbani. Huku hatujambo, ila baridi imeshaanza na bega langu linauma kwa kuinua wazee kazini. Nimefurahi kusikia shangazi alikuja kutoka Sengerema kwa kupita juu ya daraja, bila kungojea kivuko pale Busisi.

Dada, ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi, nikaurudia usiku mtoto alipolala. Unasema uji wa shule umesimama tangu wiki ya pili ya muhula. Unga umekwisha, mpishi hajalipwa, na kwenye kikao wazazi wamekwambia, "Mwambie mdogo wako aliyeko Ulaya alipie, kwake hiyo si hela." Ukaniuliza kama naweza kutuma laki tisa za muhula mzima. Nimekaa na jambo hili siku nne. Sitalipa zote, Dada, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mama, lile daftari unalikumbuka? Januari 2006, jina langu lilipotoka kwenda kidato cha kwanza, Baba alikuwa na miezi minane kaburini. Ada ya shule ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000, na juu yake dawati, sare, viatu na madaftari. Wewe ulikuwa unaanika dagaa pale Mwaloni, soko la samaki hapo Mwanza, kwa kibarua cha siku. Wenzako ndio waliotafuta daftari wakaanza kuandikana. Niliyaona yale majina kwa macho yangu, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa inakata wino: huyu 500, huyu 1,000, huyu "sado moja ya dagaa", yule fundi cherehani "kushona sketi mbili, kitambaa chenu". Na bibi aliyekuwa akigonga kokoto kule juu mlimani aliandikiwa "kokoto debe mbili". Zikauzwa kwa fundi aliyekuwa anajenga jirani, hela ikaingia. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Akaandikwa kama wengine, kwa wino ule ule.

Tangu siku ile sikuweza tena kutoroka shule. Nikionekana Mwaloni saa tano asubuhi, mama mmoja ataacha mizani yake aniulize, "Wewe, leo shule imefungwa?" Matokeo yakitoka, nilisimamishwa njiani na watu ambao si ndugu zetu, wanataka kujua nimepata ngapi Hisabati. Mtu akishatoa mia tano yake kwa ajili ya mtoto, yule mtoto anakuwa wake pia. Mfadhili mmoja wa mbali angeweza kulipa ada ile kwa mkupuo, lakini nani angenifukuza Mwaloni?

Na Mwalimu mstaafu, Mungu amrehemu. Kila siku saa kumi jioni tulikaa juu ya lile jiwe pana nyuma ya nyumba yake, naye anaandika hesabu kwa chaki juu ya jiwe lenyewe. Mvua ikinyesha zinafutika, kesho anaanza upya. Hesabu za sehemu sikuwa nazielewa hata kidogo, mpaka siku aliyochukua mche wa sabuni akaukata vipande vinane mbele yetu, akatuambia tumpe robo tatu. Nilihesabu vipande sita, mikono inanuka sabuni. Hakututoza hata senti. Mpaka leo nikipima dawa ya mgonjwa, ule mche wa sabuni unanijia.

Sasa huu uji. Mtoto anayeshuka mlimani alfajiri bila kitu tumboni, ikifika saa nne anasinzia, na mwalimu anadhani ni mvivu. Ni njaa. Kikombe cha uji wa dona wenye karanga kinamweka macho mpaka kengele ya mwisho, na mtoto anayejua atakunywa uji anakwenda shule hata siku ambayo angebaki nyumbani kulea mdogo wake.

Najua wazazi wanasema elimu ni bure. Ni kweli, ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Na Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni mwaka 2018, mimi naona alifanya vizuri, maana watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Lakini hapo kwetu wengi walisikia "msichange kabisa", na kuanzia hapo sufuria ikaanza kuyumba.

Kuna neno moja katika ujumbe wako limeninyima usingizi. Kwamba kabla uji haujasimama, watoto ambao wazazi wao hawajachanga walikuwa wanakaa pembeni wakiwaangalia wenzao wanakunywa. Dada, hilo likomeshwe leo, hata kabla ya unga kupatikana. Mtoto wa miaka saba hana deni na mtu. Mzazi asiye na hela achote maji, alete kuni, apike kwa zamu, na aandikwe daftarini kama alivyoandikwa bibi wa kokoto.

Huko nyumbani watu hudhani Ulaya kila kitu serikali inalipa. Mji huu na Mwanza ni marafiki tangu 1966, kwa hiyo nitawaambia ninachokiona. Shuleni kwa mwanangu kila Jumanne anakuja mama mmoja mstaafu, anakaa na watoto wanne ambao Kijerumani hakijakaa sawa, wangu akiwemo, anasoma nao kitabu mstari kwa mstari. Halipwi. Wenyewe huita kazi ya namna hii Ehrenamt, yaani cheo cha heshima. Hata zimamoto wengi wa nchi hii ni watu wa kujitolea, fundi bomba au mkulima anayeacha chakula mezani king'ora kikilia.

Nitakachofanya ni hiki. Nitatuma hela ya sufuria mbili kubwa na ya fundi wa kujenga jiko la matofali lisilokula kuni nyingi, maana hivyo vinanunuliwa mara moja. Halafu nitachanga kila mwezi kiwango kile kile cha mzazi mwingine, ingawa mwanangu hasomi hapo. Unga utoke mtaani. Kikoba chenu kina mfuko wa jamii wa misiba, na mtu akifa mnachangishana mpaka wali wa matanga unabaki. Fungueni na mfuko wa uji. Na kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya watu: zimeingia kilo ngapi, zimepikwa ngapi, zimebaki ngapi. Wewe mwenyewe umesema mwaka jana hesabu haikusomwa hata mara moja, na mimi nadhani hapo ndipo watu walipokata tamaa, kuliko kwenye umaskini wao.

Mama, nakuomba uanze wewe. Nenda na daftari Mwaloni Jumamosi, kabla ya wanunuzi kuondoka. Wewe hakuna atakayekuambia huna haki ya kuomba, maana wanajua mtoto waliyemchangia alifika wapi. Wasalimie wote, na uwaambie wabeja sana, yaani asanteni sana, sijasahau jina hata moja.

Ukurasa ukijaa, Dada, upige picha unitumie. Jina langu lisiwekwe juu kabisa kwa sababu niko Ulaya. Niandikeni kwenye mstari unaofuata, chini ya yeyote atakayetoa sado ya dagaa.

Mtoto wenu